Mgeni Kwetu Ukerewe

Ndugu msomaji, je, umewahi kulipia kitanda mahali ulipolala bure utotoni? Zamani kila likizo nilivuka Ziwa Viktoria kwa meli, toka Mwanza hadi Nansio, kwenda kwa bibi yangu, sasa marehemu. Mwaka huu nilirudi kama mtalii, nikapanga nyumba ya wageni. Sokoni jirani yake wa zamani akanitambua. Nikamwamkia. “Marahaba, mjukuu wangu. Unanunua chakula huku kwenu?”

Akanipikia ugali wa muhogo na sato wa kuchemsha. Lo, utamu ule! Nikaulizia furu, samaki wadogo wa utoto wetu. Wamekuwa haba, kwani sangara, aliyepandwa ziwani miaka ya 1950, amewala mno.

Msomaji, wazee wetu wangali hai. Twende tukale kwao.