Sunday Manara

Sunday Ramadhani Manara (maarufu kwa jina la utani Kompyuta) ni mchezaji wa zamani wa mpira wa miguu nchini Tanzania, mwenye asili ya Kigoma. Alikuwa mshambuliaji wa Yanga na wa timu ya taifa. Anatambuliwa kuwa Mtanzania wa kwanza kucheza soka la kulipwa barani Ulaya.

Familia

Ndugu zake, Kitwana na Kassim, walikuwa pia wachezaji wa Yanga. Mwanawe, Haji Manara, alikuwa msemaji wa Simba kabla ya kuhamia Yanga mwaka 2021.

Yanga

Tarehe 10 Agosti 1974 Yanga na Simba zilikutana katika Uwanja wa Nyamagana, Mwanza, kuamua bingwa wa Taifa. Adam Sabu aliifungia Simba mapema. Gibson Sembuli akasawazisha dakika za mwisho, na katika muda wa nyongeza Manara akafunga bao la ushindi, 2-1. Mwaka 1975 Sembuli na Manara walifunga tena Yanga ilipoishinda Simba 2-0 huko Zanzibar na kutwaa ubingwa wa klabu za Afrika Mashariki na Kati.

Jina la Kompyuta alipewa kwa sababu ya wepesi wake wa kupiga hesabu uwanjani, wakati ambapo Watanzania wengi walikuwa hawajaiona mashine yenyewe.

Soka la kulipwa

Wakati huo mpira wa Tanzania ulikuwa wa ridhaa: mchezaji aliishi kwa mshahara wa kazi nyingine, si kwa mkataba wa klabu. Mwaka 1977 Manara alijiunga na Heracles ya mji wa Almelo, Uholanzi, iliyokuwa daraja la pili. Baadaye alichezea New York Eagles ya Marekani na St. Veit ya Austria. Kassim naye alikwenda kucheza Austria.

Nafasi yake katika historia

Vijana wengi hudhani njia ya Ulaya ilifunguliwa na Mbwana Samatta, aliyejiunga na Genk ya Ubelgiji Januari 2016. Samatta ni Mtanzania wa kwanza kucheza Ligi Kuu ya Uingereza, akiwa na Aston Villa mwaka 2020. Lakini Manara alikuwa ametangulia Ulaya kwa takriban miaka 39.