Kwa nini rufaa huondolewa mahakamani kabla ya kusikilizwa

Mwananchi aliyesafiri kufuatilia rufaa ya kiwanja chake huweza kuambiwa asubuhi hiyo hiyo kwamba rufaa imeondolewa, ilhali sababu zake hazikuguswa. Wengi huondoka wakiamini wameshindwa. Sivyo.

Mahakama ya Rufani ya Tanzania, iliyoanzishwa mwaka 1979 baada ya kuvunjika kwa Jumuiya ya Afrika Mashariki, husikiliza yale tu iliyoruhusiwa na Katiba na Sheria ya Mamlaka ya Rufani, Sura ya 141. Wadaawa hata wakikubaliana wote kwamba shauri lisikilizwe, hawawezi kuwapa majaji mamlaka yasiyotolewa na sheria. Hoja hiyo huweza kuibuliwa katika hatua yoyote, hata na majaji wenyewe.

Kikwazo kikubwa ni muda. Katika mashauri ya madai, notisi ya rufaa hutolewa ndani ya siku 30 tangu uamuzi, na rufaa yenyewe ndani ya siku 60 tangu notisi. Siku za kusubiri nakala za mwenendo na hukumu huondolewa katika hesabu kwa cheti cha Msajili, iwapo mrufani aliziomba kwa maandishi ndani ya siku 30 na kumpatia mjibu rufaa nakala ya barua hiyo. Nakala hiyo ya barua, jambo dogo machoni pa mtu asiye na wakili, imewaponza wengi.

Shauri lililoanzia Mahakama ya Mwanzo huhitaji pia cheti cha Mahakama Kuu kuthibitisha kuwa lina hoja ya kisheria. Uamuzi mdogo usiomaliza shauri haukatiwi rufaa.

Je, Ibara ya 107A ya Katiba haikatazi mahakama kufungwa mno na masharti ya kiufundi? Inakataza, na marekebisho ya mwaka 2018 yalitilia mkazo jambo hilo. Hata hivyo, Mahakama imeshikilia kwamba mamlaka si suala la ufundi.

Muhimu kwa mrufani ni kusoma neno lililotumika katika amri. Tangu uamuzi wa mwaka 1959 wa iliyokuwa Mahakama ya Rufani ya Afrika Mashariki, rufaa yenye kasoro huondolewa, na iliyosikilizwa ikashindwa hutupiliwa mbali. Aliyeondolewa aweza kurudi. Huomba kwanza Mahakama Kuu imwongezee muda wa kutoa notisi mpya, akieleza sababu ya kila siku aliyochelewa.