Mama alipoingia kwenye gemu ya bintiye

SAA ya chakula cha jioni imepita. Mama yuko mezani, chakula kinapoa, na binti bado yuko chumbani amevaa kifaa kichwani, akili yake yote imo kwenye gemu. Mama anaingia chumbani, hasemi neno, anachomoa waya wa umeme. Binti anashtuka, na ugomvi unaanza.

Wazazi wengi watalitambua tukio hilo, hata kama kwao kinachochomolewa ni chaja ya simu. Binti huyo anaitwa Asuna, mhusika wa Sword Art Online, hadithi ya kubuni kutoka Japani ambayo sehemu yake kubwa inatokea ndani ya gemu. Ni moja ya hadithi ambazo vijana huzisoma kama katuni za manga au kuzitazama kama filamu, huku wazazi wakiona panga na mazimwi tu.

Mwandishi wake, Reki Kawahara, alianza kuiandika mwaka 2002 akitaka kuipeleka kwenye shindano. Ikazidi kurasa zilizoruhusiwa, akaiweka mtandaoni. Vitabu vilianza kuchapishwa 2009, manga ikafuata 2010, na filamu za katuni zikaanza kuonyeshwa kwenye televisheni 2012.

Kisa kinaanza Novemba 2022, wakati ambao mwandishi aliuona uko mbali. Wachezaji 10,000 wanaingia kwenye gemu mpya kwa kuvaa kofia maalumu, kisha wanagundua kuwa hakuna namna ya kutoka. Anayekufa ndani ya gemu anakufa kweli kitandani kwake. Mzazi akijaribu kumvua mtoto kofia, mtoto anakufa pia. Njia pekee ya kutoka ni kupanda ngome ya ghorofa 100, kupigana kila ghorofa. Inachukua miaka miwili, na karibu wachezaji 4,000 hawarudi. Muda wote huo familia zinakaa hospitalini kando ya watoto waliolala bila kuamka.

Asuna ni mmoja wa waliopona. Ndiyo maana hasira ya mama yake ina mzizi. Gemu ilimnyang'anya mwanawe kwa zaidi ya miaka miwili, na sasa binti huyo huyo anacheza gemu nyingine. Mama, ambaye ni mhadhiri wa chuo kikuu, anataka bintiye ahame shule maalumu ya vijana walionusurika, aende shule nyingine awafikie wenzake walioendelea na masomo. Binti anataka kubaki alipo, karibu na marafiki wanaoelewa yaliyompata. Kila mmoja anaongea, hakuna anayesikiliza.

Dakika tano

Anayeubadilisha mwelekeo ni Yuuki, msichana hodari wa upanga ambaye Asuna anakutana naye ndani ya gemu. Baadaye Asuna anagundua kwamba rafiki yake yuko hospitalini, ana virusi vya Ukimwi tangu kuzaliwa, na wazazi wake na dada yake pacha wameshafariki. Amelala kwenye mashine kwa miaka mitatu. Mahali pekee anapoweza kukimbia na kucheka na wenzake ni ndani ya gemu. Asuna anabeba kamera ndogo begani ili rafiki yake ahudhurie masomo darasani akiwa kitandani.

Kutoka kwake Asuna anajifunza kwamba yapo mambo ambayo huwezi kumfikishia mtu bila kumkabili. Anarudi nyumbani na kumwomba mama yake dakika tano tu: aingie naye kwenye gemu.

Mama anakubali shingo upande. Anajikuta ndani ya nyumba ndogo ya mbao. Asuna anafungua dirisha, na nje kuna msitu uliofunikwa na theluji. Mama ananyamaza. Msitu ule unafanana na mierezi ya kijijini kwao Miyagi, walikoishi wazazi wake wakulima, watu ambao yeye aliona haya kutajwa nao baada ya kupanda ngazi ya maisha.

Ndipo Asuna anamweleza asichokijua. Babu na bibi walitunza kila gazeti na jarida lililomtaja mama, wakiyaonyesha kwa fahari. Na hawakuuza nyumba ile hata uzee ulipowazidi, ili siku binti yao akichoka awe na pa kurudi. Mama anajaribu kuzuia machozi, lakini katika gemu ile machozi hayafichiki.

Asubuhi yake mama anakubali binti abaki shuleni, kwa masharti: alama zipande, na chuo kikuu kibaki palepale. Kwa mama huyo, kuelewa hakukuwa kuacha kulea.

Cha kuchukua nyumbani

Hadithi hii si ya watoto wadogo. Ina mauaji, na baadhi ya sehemu zina unyanyasaji wa kijinsia. Mzazi aipitie kwanza.

Hofu ya wazazi nayo si ya bure. Shirika la Afya Duniani (WHO) linautambua uraibu wa magemu kama tatizo la kiafya. Dalili zake ni kushindwa kujizuia, kuyatanguliza magemu mbele ya mambo mengine yote, na kuendelea licha ya madhara, kwa kawaida kwa muda wa miezi 12 hivi. Mtoto wa namna hiyo anahitaji mtaalamu.

Kwa wengine, mambo madogo husaidia. Magemu mengi yanayochezwa na wenzake mtandaoni hayawezi kusimamishwa katikati, hivyo kumwonya mtoto nusu saa kabla ya chakula kunazuia ugomvi mwingi. Muulize anacheza na nani. Mwombe akuonyeshe.

Mama yake Asuna hakugeuka mchezaji. Aliingia mara moja, kwa dakika tano, akamkuta mwanawe.