Taa Inayojiwasha Ryansoro

Mama mkwe wangu, hapa Ryansoro, alikuwa akiamka usiku kupapasa kiberiti ili akaangalie mbuzi. Kituo cha sola cha Mubuga, hapa hapa Gitega, kilianza mwaka 2021 kuingiza megawati 7.5 kwenye gridi ya taifa la Burundi, lakini nguzo hazijafika kilimani kwetu. Kwa hiyo nilimfungia sola yake, na nilitaka taa ya uani ijiwashe yenyewe.

Watu hudhani kazi hiyo inahitaji simu na intaneti. Haihitaji. Kontrola ndogo ya sola hutumia paneli kama jicho: jua likizama, volti za paneli hushuka, nayo kontrola huipelekea taa umeme wa betri. Kukipambazuka, huukata.

Mpangilio wa nyaya ndio wa kuzingatia. Anza na betri, ili kontrola itambue kama ni ya volti 12 au 24. Kisha paneli. Taa iwe ya mwisho, tena kwenye matundu yenye alama ya balbu. Ukiiunga moja kwa moja kwenye betri, haitajizima kamwe. Fyuzi ikae karibu na betri, kwenye waya chanya. Nasisitiza hilo, kwa sababu nimeona waya ukiyeyuka.

Taa ya wati 5 ikiwaka kwa saa 12 hula wati-saa 60, yaani ampea-saa 5 za betri ya volti 12.

Jioni ya kwanza tuliketi kibarazani. Saa kumi na mbili ilipopita kidogo, ua uling'aa.

“Mwanangu, nani ameiwasha?” aliuliza mama.