Jirani Aliyejikuta Riwayani

Msomaji anayeisoma David Copperfield ya Charles Dickens taratibu, pasipo kuruka kurasa, hufika sura ya 32 akasita kama nilivyosita mimi. David yumo jikoni katika nyumba moja ya mji wa Yarmouth, ameketi mbele ya moto na fikira zake nzito, mara mlango unabishwa; anaufungua, anatazama chini, na kwa mshangao wake haoni mtu ila mwavuli mkubwa unaoelekea kutembea wenyewe. Chini ya mwavuli ule yumo Bi. Mowcher, mwanamke wa kimo kifupi mno, ambaye sura kumi nyuma tulimwacha akicheka na kuchekwa. Sasa hacheki. Anaketi karibu na meko, anajitikisa kwa majonzi, na anatamka maneno ya busara na uchungu ambayo sura ya 22 haikutuandaa hata kidogo kuyasikia.

Jina ni lile lile na kimo ni kile kile, lakini nafsi si ile. Swali la nini kilichompata bibi huyu katikati ya sura hizo lilinikaa moyoni, na jawabu lake, lililohifadhiwa katika barua za Dickens na katika wasifu wake ulioandikwa na rafiki yake John Forster, limenifunza habari za wahusika wadogo wa riwaya zaidi ya mafunzo mengi niliyopata kuyasoma juu yao. Ndiyo maana naliandikia makala haya.

Tuanze na sura ya 22, maana bila ya kuiona kwa karibu hatuwezi kuupima uzito wa yaliyofuata. Steerforth, kijana wa ukoo wa daraja na mwenye haiba iwapumbazayo watu wote, amekwisha kula chakula chake pamoja na David, ndipo Bi. Mowcher anapoingia na mkoba wake. Kazi yake ni kutunza nywele na kucha za waheshimiwa. Anapanda juu ya meza apate kukifikia kichwa cha kijana yule, anatoa mfukoni kioo kikubwa cha kukuzia, anazichungua nywele moja moja, na huku mikono ikifanya kazi ulimi wake haupumziki hata nukta moja: anaporoja juu ya mabibi wa London na rangi wanazojipaka, anaonyesha vipande vya kucha vya mwana wa mfalme wa Urusi, akidai kwamba vipande hivyo humfungulia milango ya majumba makubwa kuliko ustadi wake wote, na kila baada ya muda anajisifu kuwa ni mtu mwepesi asiyetulia. David anashangaa na kustarehe. Msomaji naye anastarehe. Mwisho wa sura hakuna ajuaye bibi yule anaishi wapi, anakula na nani, wala anafikiri nini mkoba wake unapofungwa. Ameingia kwa idhini ya Steerforth, amemtumikia Steerforth, ameondoka Steerforth alipokwisha kutumikiwa.

Riwaya hiyo haikutoka kwa mkupuo mmoja. Ilitolewa kwa sehemu za kila mwezi, tangu Mei 1849 hata Novemba 1850, kila sehemu kurasa 32 na picha mbili, kwa bei ya shilingi moja. Sura ya 22 ilitoka katika sehemu ya Desemba 1849, ikasomwa na maelfu ya watu, na miongoni mwa waliosoma alikuwamo Bibi Jane Seymour Hill, jirani wa Dickens mjini London, mwanamke wa kimo kifupi ambaye riziki yake ilitokana na kutibu miguu na kutunza kucha za watu. Alijiona. Tarehe 18 Desemba akamwandikia Dickens waraka ambao, kwa maana yake na si kwa maneno yake, ulisema kwamba maumbile ya mwili wake yalikwisha kumtia katika mateso mengi ya muda mrefu, lakini hakupata kamwe kuteswa kwa mkono wa mtu aliyejaaliwa kipaji kikubwa kama kile.

Mtungaji aliyekuwa akishughulika na maelfu ya wasomaji angaliweza kuuweka kando waraka wa jirani mmoja. Dickens aliujibu siku ile ile, na ni sauti yake katika jawabu hilo ndiyo iliyonivuta zaidi. Alisema kwamba amesikitika kwa dhati kumtia bibi yule katika dhiki hata ya dakika moja. Hakukana, kama ambavyo watungaji wengi hukana, kwamba sura ya jirani yake ilimjia akilini. Alikiri kwamba sehemu fulani imetoka kwake, lakini akaeleza kwamba sehemu kubwa imetoka kwa mtu mwingine kabisa, na kwamba wahusika wake hawawi nakala ya mtu mmoja bali huchanganywa kutokana na watu wengi. Kisha akatoa ahadi iliyo adimu katika historia ya utungaji: alikuwa amekusudia kumtumia Bi. Mowcher kwa jambo baya, lakini sasa, hata kama mabadiliko yatamletea taabu gani katika mpango wa riwaya, ataugeuza mwendo wote wa mhusika huyo ili msomaji abaki na kumbukumbu njema juu yake. Wakili wa Bibi Hill pia aliingia katika shauri hilo. Forster, aliyeyajua mambo ya rafiki yake kwa ndani, anasimulia kwamba Dickens alihisi amekosa na alikuwa tayari kufanya lolote ili kulitengeneza kosa lake.

Ili kulifahamu neno "taabu" katika ahadi hiyo, yafaa kujua jinsi Dickens alivyofanya kazi. Kwa kila sehemu ya mwezi alitwaa karatasi, nusu yake ya kulia akaandika mpango wa sura, na nusu ya kushoto akajiwekea maswali: je, fulani aonekane safari hii? je, jambo fulani lifichuliwe sasa? Baadaye alirudi akajijibu mwenyewe: ndiyo, la, bado. Karatasi hizo zimehifadhiwa hata leo katika jumba la makumbusho la Victoria na Albert mjini London, na azitazamaye humwona mtungaji akizungumza na nafsi yake kama hakimu na mdai katika baraza moja. Kwa kuwa msomaji alingoja mwezi mzima kabla ya kuendelea, Dickens alimpa kila mhusika mdogo alama ya kumkumbukia: msemo, ishara ya mkono, vazi, namna ya kucheka. Alama hizo ni hazina yake kubwa, na ndizo zilizowafanya watu wake wadogo wasisahaulike. Lakini alama ni kitu kinachoonekana kutoka nje. Bi. Mowcher wa sura ya 22 ana alama nyingi kupita kiasi, na hana hata sababu moja.

Sababu hiyo ndiyo aliyopewa katika sehemu ya Machi 1850, chini ya mwavuli ule. Hapo tunaambiwa kwamba baba yake alikuwa wa kimo kama chake, na ndugu zake, mmoja mume na mmoja mke, ni vivyo hivyo. Kwamba kwa miaka mingi amefanya kazi mchana kutwa ili kuwalisha ndugu hao. Kwamba hamdhuru mtu yeyote. Na kwamba madhali wako watu wasiofikiri, au wenye ukatili, wanaomfanyia dhihaka, hakuachiwa njia nyingine ila kujidhihaki mwenyewe, kuwadhihaki wao, na kuudhihaki ulimwengu mzima. Tunaambiwa pia kwamba alihadaiwa: alimpelekea Emily, msichana ambaye baadaye Steerforth alimtorosha, barua ya Steerforth akidhani kwamba anayempenda Emily ni David. Na anamwonya David asiambatanishe kasoro ya mwili na kasoro ya akili.

Naomba msomaji alipime tendo hili kwa jicho la fundi. Dickens hakuweza kuifuta sura ya 22, kwa maana ilikwisha kuchapwa, kuuzwa na kusomwa. Yale maporojo, kile kioo, zile kucha za mwana wa mfalme, vyote vilibaki. Alichoweza ni kuzifanya kelele zile zile zisikike upya. Aliyerudi katika sura ya 22 baada ya kuisoma ya 32 hasikii tena porojo tupu, husikia mwanamke anayefanya kazi ya pili juu ya kazi yake ya kwanza, yaani kuwachekesha matajiri ili ndugu zake wapate mkate. Liko na jambo jingine dogo ambalo mimi nalitukuza: katika sura ya 32 hakuna aliyemwita. Amekuja kwa miguu yake, kwa haja yake, kumtafuta msimulizi wa hadithi na kumtaka amsikilize. Riwaya inayosimuliwa kwa nafsi ya kwanza humwonyesha kila mtu kwa macho ya mtu mmoja tu, na wadogo hawana pa kusimama mpaka mmoja wao aubishe mlango mwenyewe. Mwishoni, katika sura ya 61, tunasikia kwamba ni yeye aliyemng'ang'ania Littimer, mtumishi mwovu wa Steerforth, hata akakamatwa asipate kutoroka. Kila ndege huruka kwa ubawa wake.

Hata hivyo siwezi kudai kwamba marekebisho hayo yametimia. Forster mwenyewe hakusema zaidi ya kwamba sura ya pili ilikwenda mbali katika kuyatengua ya sura ya kwanza, na kwenda mbali si kufika. Bi. Mowcher wa pili ana wema mwingi mno na mawaidha mengi mno. Pako mahali anaposema kama mtu aliyetumwa na mtungaji kuja kuomba radhi kwa niaba yake. Jambo kama hili lilimfika Dickens tena. Mwaka 1863 Bibi Eliza Davis, mwanamke wa Kiyahudi, alimwandikia kumlalamikia juu ya Fagin, mwizi wa Oliver Twist. Katika Our Mutual Friend, iliyotoka kwa sehemu mwaka 1864 na 1865, Dickens akamweka Riah, mzee wa Kiyahudi aliyejaa upole, na katika chapa ya 1867 ya Oliver Twist akapunguza sana kumtaja Fagin kwa dini yake. Insafu hiyo yastahili shukrani. Lakini Riah ni mwema kiasi ambacho damu haionekani kupita mwilini mwake, ilhali Fagin, pamoja na dhuluma yote aliyofanyiwa katika kuandikwa kwake, yungali hai. Je, mtu aliyedhulumiwa na kalamu hulipwa kwa kupambwa? Au haki yake ni kupewa sababu, pamoja na hila, hasira na makosa yake, kama wanavyopewa wakuu wa hadithi? Mimi naona ni hili la pili, na naona kwamba Bi. Mowcher anapumua zaidi pale anapoeleza kwa nini anacheka kuliko pale anapotuasa tuwe wema.

Katika madarasa yetu wanafunzi hufundishwa kuwagawa wahusika kuwa wakuu na wadogo, bapa na duara, kisha wakaenda mtihanini wakiwa wamehifadhi majina hayo. Yafaa pia waulizwe jinsi mtungaji alivyomtoa mtu katika kundi moja akamtia katika jingine. Katika riwaya za Kiswahili, Adam Shafi ametupa mifano ya kusomeshea. Katika Vuta N'kuvute, iliyotoka mwaka 1999, Mwajuma angaliweza kuwa mlango tu wa kumwingiza Yasmin, mhusika mkuu, katika maisha ya Ng'ambo. Badala yake ana ucheshi wake, ufukara wake, starehe zake na rai zake, na msomaji humkumbuka hata pale Yasmin alipo peke yake. Katika Kuli, ya mwaka 1979, alikwenda mbali zaidi: wachukuzi wa bandari ya Unguja, ambao katika riwaya ya mtu mwingine wangepita na magunia mgongoni ili bwana mkubwa apate kushuka melini, amewafanya ndio wenye hadithi, na mgomo wao wa mwaka 1948 ndio uti wa mgongo wake.

Nawaandikia hasa wenzangu wanaotunga hadithi za mfululizo magazetini, na siku hizi katika simu, kwa kuwa hao wamo katika hali ile ile ya Dickens: sehemu ya jana imekwisha kusomwa, ya kesho haijaandikwa, na maoni ya wasomaji yanaingia katikati. Anayeandika kitabu kizima ana khiyari zaidi. Mswada wake ungali mezani, na sura ya 22 yaweza kuandikwa upya kabla hajaiona mtu. Apitie basi rasimu yake mara moja kwa ajili ya wadogo peke yao, akimfuata mmoja mmoja tangu anapoingia hata anapotoka, na amwulize: umekuja kwa haja ya nani? mkuu wa hadithi akiondoka chumbani, wewe unafanya nini?

Kuna swali moja ambalo habari za Bibi Hill zinaliacha bila ya dawa. Yeye alijua kuandika, alisoma riwaya, aliishi karibu na mtungaji na alikuwa na wakili. Na hata hivyo sijui kama ni dhamiri peke yake iliyomgeuza Dickens au na hofu ya sheria ilichangia. Mtumishi wa ndani anayeitikia "labeka" mara tatu katika riwaya zetu kisha akatoweka, mama ntilie anayewekwa pale ili shujaa apate chai, mlinzi wa geti asiye na jina, hao hawatamwandikia mtungaji waraka wowote, na yamkini hawatakisoma kitabu chake. Ni nani atakayewadaia haki yao, ikiwa mtungaji mwenyewe hakuwadaia?