DIWANI NI MLANGO WA KATA

Mkulima wa kahawa wa Rulenge, Wilaya ya Ngara, akitaka kujua fedha ya zahanati imekwenda wapi, anaye mtu wa kumwuliza: diwani wake. Jambo hili laonekana dogo. Lakini ulikuwapo wakati mlango huo ulifungwa, na walioufunga si wakoloni. Ni sisi wenyewe.

Mwaka 1963 sheria ilikomesha mamlaka ya watawala wa jadi nchini, wa Bugufi na wa Rusubi wakiwamo. Halmashauri za wilaya, zenye madiwani waliochaguliwa, ndizo zilizobaki na kazi ya shule, barabara na zahanati. Mwaka 1972, kwa mpango wa Madaraka Mikoani, halmashauri hizo zikavunjwa. Nia ilikuwa njema: kumsogezea mwananchi madaraka. Kumbe waliosogea ni watumishi wa Serikali Kuu. Fedha ikatoka Dar es Salaam, na mtumishi akamtazama aliyemtuma, si mkulima. Kata ikabaki na jina, nguvu ya kura ikafifia.

Sheria ya mwaka 1982 ilizirudisha halmashauri, nazo zikaanza kazi tena mwaka 1984. Mwaka huo huo Mwalimu Nyerere alikiri waziwazi kwamba kuzivunja lilikuwa kosa. Chama kisichoogopa kukiri kosa hakina budi pia kuogopa kulirudia.

Maana mlango waweza kufungwa hata bila sheria. Mwaka 2005 kata za upande wa Chato zilitengwa na Biharamulo, zikawa wilaya. Mwaka 2012 wilaya hiyo ikatiwa katika Mkoa mpya wa Geita. Mwananchi alilala Biharamulo akaamka Chato, akalala Kagera akaamka Geita, wala hakuhama shambani kwake. Je, ahadi ya kisima aliyopewa na halmashauri ya kwanza, nani anayeidaiwa?

Jibu letu ni moja: arithiye kata hurithi na madeni yake. Kila mpaka unapochorwa upya, mali, madeni na ahadi visomwe mbele ya wananchi. Mkutano wa kijiji wapaswa kukutana kila miezi mitatu. Ndugu wanachama, mkutano ujao ukiitishwa, tusiende kupiga makofi tu. Tuulize hesabu, na diwani ajibu.