Citroën SM: usiogope majimaji, ogopa cheni

Anayetaka kununua Citroën SM kwa kawaida huanza kuuliza habari za sasipensheni, na si ajabu. Gari hili la kifahari la milango miwili, lililooneshwa Geneva mwaka 1970, halina springi za chuma wala shokapu za kawaida. Injini ikiwashwa, bodi iliyokuwa imelala karibu na ardhi hupanda yenyewe. Mtu akiona hivyo huhesabu gharama kichwani na kurudi nyuma. Hofu hiyo imeelekezwa mahali pasipo pake. Sehemu inayotisha zaidi katika gari hili ndiyo inayomvumilia zaidi mwenye kulitunza.

Kila gurudumu lina tufe la chuma lililogawanywa katikati kwa utando wa mpira. Upande mmoja umejaa gesi ya naitrojeni, upande wa pili mafuta. Tairi likigonga tuta, pistoni husukuma mafuta, mafuta huibana gesi, na gesi hiyo ndiyo springi. Pampu inayoendeshwa na injini huleta msukumo, na vali maalumu huongeza au kupunguza mafuta ili gari libaki kwenye kimo kilekile hata likipakiwa abiria na mizigo. Paul Magès, mhandisi wa Citroën, ndiye aliyeubuni mfumo huu, na DS ya mwaka 1955 iliutumia kwenye magurudumu yote manne, miaka 15 kabla ya SM.

Naitrojeni hupenya kwenye utando kidogo kidogo, mwaka baada ya mwaka, hadi gari lililokuwa laini linaanza kurusha abiria kwenye kila shimo. Wengi hudhani mfumo mzima umekufa, kumbe ni matufe tu. Fundi huondoa msukumo, huyafungua, huyajaza gesi upya au kufunga mengine. Kazi hiyo haihitaji siku nyingi gereji. Dalili nyingine ni ya kusikiliza: pampu ikisikika ikijaza upya kila baada ya sekunde chache wakati gari limesimama, tufe kuu la akiba limeishiwa gesi.

Jambo lisilo na msamaha ni aina ya mafuta. SM hutumia LHM, mafuta ya madini yenye rangi ya kijani. Mafuta ya breki ya kawaida yakimiminwa humo, hata kwa bahati mbaya, huharibu sili za mpira kila yanakopita, na yanapita kwingi, kwa sababu mafuta hayohayo huhudumia breki na usukani. Na asiingie mtu chini ya gari hili bila vishikizo imara vya chuma. Msukumo ukitoka, bodi hushuka.

Injini ndiyo habari nyingine. Citroën iliinunua Maserati mwaka 1968, na Giulio Alfieri, mhandisi wa Maserati, akaiundia SM injini ya V6 ya sentimita za ujazo 2,670, chini kidogo ya lita 2.8 ambazo Ufaransa ilizitoza kodi kubwa. Ni injini nyepesi yenye sauti tamu, lakini kikaza cheni yake ya taimingi ni dhaifu. Cheni ikilegea na kuruka meno, vali hukutana na pistoni. Vali za ekzosi zenyewe, zilizotiwa sodiamu ndani ili zipoe, zimewahi kukatika vichwa, ndiyo maana mabingwa wa SM hufunga za chuma kitupu. Tena injini imesukumwa nyuma ya giaboksi, kwa hiyo kuifikia ni kazi ngumu.

Zilitengenezwa SM 12,920 tu kabla ya uzalishaji kukoma mwaka 1975. Mnunuzi akipewa risiti za matufe mapya na rangi mpya, azipokee kwa shukrani, kisha aulize risiti ya cheni. Kama haipo, bei ya kukarabati injini ikatwe kwenye bei ya gari kabla ya kupeana mkono.